KIVUMBASI: MUUNDO WA JANI NA MAFUTA YAKE TETE

Kando ya njia, katika mashamba yaliyoachwa yapumzike na kwenye vichaka vya Afrika ya Mashariki, tangu mwambao hadi nyanda za juu, huota mmea ambao mpita njia huutambua kwa pua kabla ya kuutambua kwa macho. Ukiguswa kidogo tu, harufu kali hutanda. Watu wengi wa pwani huuita kivumbasi. Waganda huuita mujaaja na kuyatia majani yake katika chai. Nchini Rwanda huitwa umwenya. Majani yake hufukizwa nyumbani ili kufukuza mbu, huchemshwa na mvuke wake kuvutwa na mwenye mafua, na huchanganywa na nafaka ghalani ili kuzuia wadudu. Wanasayansi huuita Ocimum gratissimum.

Somo hili lahusu mambo mawili: mahali ambapo mafuta yenye harufu hiyo huhifadhiwa katika jani, na vitu vilivyomo ndani ya mafuta yenyewe. Yafaa mambo hayo yasomwe pamoja, kwa kuwa hadubini na kemia hazitoi ushahidi wa aina moja. Hadubini yaweza kuonyesha kwamba vivumbasi viwili, kimoja cha Kenya na kingine cha Rwanda, vina seli za namna moja, nywele za namna moja na tezi za namna moja. Kemia nayo yaweza kuonyesha kwamba mafuta ya mmea mmoja karibu hayafanani kabisa na ya mwingine.

Jina na ukoo

Jina kivumbasi halina mpaka ulio dhahiri. Katika baadhi ya sehemu hutumika pia kwa Ocimum americanum, mmea mdogo zaidi wa jamii hiyo hiyo. Mrehani unaopandwa nyumbani na kufumwa katika mashada, yaani Ocimum basilicum, ni ndugu yao wa karibu. Ndugu mwingine ni Ocimum kilimandscharicum, aliyepewa jina la mlima Kilimanjaro, ambaye majani yake hunuka kafuri. Wote wamo katika jamii ya Lamiaceae pamoja na mnanaa.

Majina ya kisayansi nayo yamebadilika. Linnaeus wa Sweden alikiita kivumbasi Ocimum gratissimum mwaka 1753. Mwaka 1809 mtaalamu wa Ujerumani, Willdenow, alieleza mmea aliouona kuwa tofauti, akauita Ocimum suave. Mwaka 1992 Alan Paton wa bustani ya Kew, Uingereza, alipoipitia upya jamii ya Ocimum katika Afrika, aliiunganisha mimea hiyo miwili. Kwa hiyo mwalimu akikuta jina Ocimum suave katika vitabu vya zamani, au katika taarifa za utafiti wa hapa Afrika ya Mashariki, na ajue kwamba linalozungumzwa ni kivumbasi hiki hiki.

Umbo la nje

Kivumbasi ni kichaka cha kuishi miaka kadhaa, chenye shina linalokuwa gumu kama mti karibu na ardhi. Kikipata nafasi hupita kimo cha mtu. Majani hutoka mawili mawili kwenye kila kifundo, moja likielekeana na lenzake, na kila jozi hukingama na jozi iliyo chini yake, hata ukiutazama mmea kutoka juu huona msalaba. Kingo za jani zina meno, na ncha yake imechongoka.

Maua ni madogo, meupe yenye kuelekea ukijani au umanjano, nayo hukaa kwa mafungu ya sita sita kuuzunguka mhimili mrefu. Kila ua lina midomo miwili. Mdomo wa juu una ndewe nne, na wa chini ni mmoja mzima; stameni nne hulala juu ya mdomo huo wa chini, hivyo nyuki atuapo hupakwa chavua tumboni, si mgongoni kama ilivyo kwa mimea mingi ya jamii hii. Ovari imegawanyika sehemu nne, na kila moja yaweza kuwa kokwa ndogo ngumu.

Shina changa lina pembe nne. Mwanafunzi akilikata kwa wembe mkali na kukiweka kipande chembamba ndani ya tone la maji chini ya hadubini, ataona sababu yake mara moja. Katika kila pembe, chini ya ngozi ya nje, kuna fungu la kolenkima, yaani seli zenye kuta nene kwenye kona zake. Hizo ndizo nguzo za shina kabla halijawa mti. Nyuma ya kila nguzo kuna fungu kubwa la vyombo, zailemu kwa ndani na floemu kwa nje, na mafungu madogo zaidi yamo katikati ya pande. Mpango huu si wa kivumbasi peke yake, wala hautoshi kukitambulisha. Ni alama ya jamii nzima.

Jani na tezi zake

Kipande cha jani kilichokatwa kukingama huonyesha ngozi ya juu yenye seli za tabaka moja, kisha seli ndefu zilizosimama kama nguzo na kujaa klorofili, kisha tishu sponji yenye nafasi za hewa, na mwisho ngozi ya chini. Kila tundu la stomata lina seli mbili za walinzi, na pembeni mwake seli mbili jirani ambazo ukuta wake wa pamoja umekingama na mstari wa tundu. Mpangilio huo nao ni wa kawaida katika jamii hii.

Yenye thamani zaidi kwa somo hili ni yale yaliyo juu ya ngozi. Kuna vinyweleo vya aina mbili kubwa. Aina ya kwanza ni nywele za kawaida, zilizofanywa kwa seli kadhaa zilizopangwa mstari mmoja, zikaishia na ncha kali. Hizi hazitoi mafuta. Hulikinga jani dhidi ya upepo na jua, na kuwazuia wadudu wadogo wasitembee watakavyo. Aina ya pili ni vinyweleo vyenye tezi, navyo viko vya namna mbili.

Namna moja ni tezi ndogo zenye kishina kifupi na kichwa cha seli moja au mbili. Namna ya pili ndiyo ghala kubwa la mafuta. Ina seli moja ya msingi iliyozama katika ngozi ya jani, juu yake seli moja fupi ya kishina, na juu yake tena seli nne za kutoa mafuta, zilizokaa bega kwa bega mfano wa chapati iliyokatwa robo nne. Upana wa kichwa hicho chote hauzidi sana sehemu ya kumi ya milimita moja. Tezi hizi hukaa katika vibonde, na mtu mwenye macho makali akilishika jani dhidi ya mwanga, au akitumia kioo cha kukuzia, huziona kama vitone.

Seli hizo nne zimefunikwa na kutikilo, yaani utando mwembamba wa nta. Mafuta yanapotengenezwa hayabaki ndani ya seli. Hupenya ukuta wake, yakakusanyika katikati ya ukuta huo na utando ulio juu, na utando ukavimba kama lengelenge la moto. Mpango huu una maana kubwa. Vitu vilivyomo katika mafuta ni sumu kwa seli nyingi zilizo hai, zikiwamo seli za mmea wenyewe. Kwa kuyaweka nje ya seli mmea huyahifadhi pasipo kudhurika. Mdudu akilitafuna jani, au mtu akilifikicha kwa vidole, lengelenge hupasuka na mafuta humwagika. Ndiyo sababu kivumbasi kisichoguswa hunukia kidogo, na kilichofikichwa hunuka kwa nguvu.

Ili kuona mafuta yenyewe, shule iweza kutumia rangi ya Sudani III iliyoyeyushwa katika alkoholi. Rangi hiyo hupendelea mafuta kuliko maji, hivyo vichwa vya tezi hugeuka vyekundu na sehemu nyingine za jani hubaki karibu kama zilivyokuwa. Kipande kisikae sana ndani ya alkoholi, maana alkoholi yenyewe huyayeyusha mafuta, na mwanafunzi ataondoka akidhani tezi zilikuwa tupu.

Jambo moja zaidi lafaa kuangaliwa. Tezi nyingi huanza kuumbwa jani likiwa bado changa sana. Jani linapopanuka tezi hutengana, na idadi yake katika kila milimita ya mraba hupungua. Mkulima achumaye majani ya kileleni kwa ajili ya dawa, pasipo kuwahi kuona hadubini, anachuma penye tezi zilizosongamana.

Kuyapata mafuta

Mafuta haya huitwa mafuta tete kwa sababu huruka hewani. Tone la mafuta ya nazi likiwekwa juu ya karatasi huacha doa la kudumu. Tone la mafuta ya kivumbasi hufifia mpaka doa likatoweka. Wala hayafanani na mafuta ya nazi kwa kemia. Mafuta ya nazi ni muungano wa asidi za mafuta na gliseroli. Mafuta tete ni mchanganyiko wa molekuli ndogo, nyingi zikiwa na atomi 10 au 15 za kaboni.

Njia ya kawaida ya kuyatoa ni kukeneka kwa mvuke. Majani hutiwa ndani ya chombo, mvuke wa maji hupitishwa katikati yake, kisha mvuke huo hupozwa na kugeuka maji yaliyochanganyika na matone ya mafuta. Hapa mwanafunzi makini huuliza swali. Yujenoli, ambayo ni kitu kikuu katika mafuta ya vivumbasi vingi, huchemka kwenye nyuzi 254 za Selsiasi. Yawezekanaje itoke pamoja na mvuke ambao haufiki hata nyuzi 100?

Jibu ni kwamba vimiminika visivyochanganyikana havizuiani kutoa mvuke. Kila kimoja hutoa mvuke wake kana kwamba kiko peke yake, na jumla ya kanieneo za mivuke hiyo inapolingana na kanieneo ya hewa, mchanganyiko huchemka. Karibu na nyuzi 100 kanieneo ya mvuke wa yujenoli ni ndogo, kama milimita 4 za zebaki. Maji hutoa 756 zilizobaki ili kutimiza 760. Idadi ya molekuli katika mvuke hufuata uwiano huo, yaani 4 kwa 756. Lakini molekuli ya yujenoli ni nzito: masi yake ni 164, na ya maji ni 18. Kwa uzito, basi, uwiano ni 4 mara 164 kwa 756 mara 18, yaani 656 kwa 13,608. Hiyo ni kama gramu moja ya yujenoli kwa kila gramu 20 za maji. Uwiano huo ni wa hali iliyo bora kabisa. Katika chombo chenye majani maji huwa mengi zaidi, kwa kuwa mafuta hayana budi kwanza kutoka katika tezi. Kilo moja ya majani mabichi mara nyingi hutoa gramu chache tu.

Kanuni hiyo hiyo ndiyo iliyotumika kwa miaka mingi huko Wawi, kisiwani Pemba, kukeneka mafuta ya makonyo ya karafuu. Ulinganisho huo si wa kubahatisha, kwa maana kitu kikuu katika mafuta ya karafuu ni yujenoli ile ile.

Mmea mmoja, mafuta mbalimbali

Mwaka 2007 ilichapishwa taarifa ya uchunguzi wa mafuta ya kivumbasi kilichochumwa Meru, mashariki mwa Kenya. Karibu asilimia 69 ya mafuta hayo ilikuwa yujenoli, na kama asilimia 13 methiliyujenoli. Miaka 20 kabla yake, mwaka 1987, wachunguzi walikuwa wamechapisha habari za mafuta ya mmea huo huo kutoka Rwanda. Humo kitu kikuu kilikuwa thimoli, kama asilimia 35. Vivumbasi vingi vya Nigeria navyo vimeonekana kuwa vya thimoli.

Yujenoli na thimoli zote mbili ni fenoli, zote huua vijidudu vingi, na zote zina atomi 10 za kaboni. Mwanafunzi akiandika fomula zake, C10H12O2 na C10H14O, aweza kudhani kwamba moja imetokana na nyingine kwa mabadiliko madogo. Sivyo. Yujenoli hutengenezwa kuanzia asidi-amino iitwayo fenilalanini, kwa njia ile ile ambayo mmea huitumia kutengeneza lignini, kitu kinachoyafanya mashina kuwa magumu. Karibu na mwisho njia hiyo hupinda, na kimeng'enya maalumu humalizia kazi. Kimeng'enya hicho kilitambuliwa katika mrehani mwaka 2006. Thimoli hutokana na njia nyingine kabisa, ile ya terpini, ambamo vipande vya kaboni tano tano huunganishwa na kisha kufungwa kuwa duara. Kwa hiyo tezi mbili zilizo sawa kwa umbo ni kama jiko mbili za namna moja ambamo vyakula tofauti vinapikwa.

Ni nini huamua chakula kitakachopikwa? Jua, mvua, udongo na umri wa jani huathiri wingi wa mafuta, na kwa kadiri fulani mizani ya vitu vilivyomo. Lakini aina ya kitu kikuu hutawaliwa hasa na urithi: mmea usio na jeni ya kimeng'enya fulani hautatoa zao lake hata ukitiwa mbolea namna gani. Watu wa kemia ya mimea huyaita makundi hayo aina za kikemia. Mtaalamu wa mimea hana alama ya kuzitenganisha kwa macho, na hili ndilo linalopaswa kuwasumbua wote wanaoandika orodha za miti ya dawa. Orodha inayosema tu kwamba kivumbasi hutibu kikohozi, bila kutaja mahali kilipochumwa wala mafuta yake, haijamwambia msomaji ni kitu gani hasa kilichotumika.

Matumizi yaliyopimwa

Baadhi ya matumizi ya kienyeji yamepita katika maabara. Mwaka 1990 wanasayansi wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoko Nairobi, walichapisha kazi juu ya majani ya kivumbasi na karafuu kama vihifadhi vya nafaka, wakaonyesha kwamba yujenoli ni miongoni mwa vitu vinavyowafukuza fukusi wa mahindi. Mwaka 1995 ilichapishwa kazi nyingine iliyoonyesha kwamba mafuta ya kivumbasi hufukuza na hata kuua kupe Rhipicephalus appendiculatus, aenezaye ndigana kali ya ng'ombe.

Kuhusu mbu, utafiti uliofanywa Kenya Magharibi na kuchapishwa mwaka 2002 ulilinganisha njia mbili wanazotumia wenyeji: kuitupa mimea motoni iungue, na kuiweka juu ya chombo kilichopashwa moto ili harufu itoke bila mmea kuungua. Kwa jumla njia ya pili ilifaa zaidi. Msomaji aliyeifuata habari ya tezi hatashangaa. Joto la wastani hupasua malengelenge na kuyarusha mafuta hewani yakiwa mazima, na moto huyaunguza. Hata hivyo harufu hiyo hupunguza mbu tu, wala haishiki nafasi ya chandarua.

Kwa ndugu wa kivumbasi anukaye kafuri kuna mfano wa hatua iliyopita maabara. Kandokando ya msitu wa Kakamega nchini Kenya, kikundi cha wakulima cha Muliru, kilichoanzishwa mwaka 1997, kilipanda Ocimum kilimandscharicum mashambani badala ya kuuchuma msituni, kikakeneka mafuta yake na kuyafanya dawa ya kuchua iitwayo Naturub. Mwaka 2010 kikundi hicho kilipata Tuzo ya Ikweta. Mmea uliopandwa kwa mbegu inayojulikana una faida mbili: msitu hupona, na mnunuzi hupata mafuta yasiyobadilika sana chupa hadi chupa.

Hatari

Kuna mazoea ya kudhani kwamba kitu cha mmea hakina madhara. Daktari wa meno huchanganya yujenoli na oksidi ya zinki kuwa kiziba cha muda cha jino, na mgonjwa hutulia. Lakini watoto waliokunywa mafuta ya karafuu wameletwa hospitali wakiwa na ini lililoharibika. Kafuri ikimezwa na mtoto mdogo huweza kumletea degedege. Na methiliyujenoli, ile iliyoonekana katika kivumbasi cha Meru, mwaka 2023 iliwekwa na wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani katika kundi la vitu ambavyo yamkini husababisha saratani kwa binadamu. Uamuzi huo ulitegemea zaidi ushahidi wa wanyama wa maabara na wa namna kitu hicho kinavyoathiri chembe za urithi.

Majani mawili matatu katika birika la chai yana mafuta kidogo sana, na sehemu kubwa huruka na mvuke. Chupa ndogo ya mafuta yaliyokenekwa imekusanya yaliyokuwa katika kilo kadhaa za majani. Jina katika karatasi ya chupa laweza kuwa lile lile analolijua bibi wa kijijini, na kipimo alichokijua yeye kisifae tena hata kidogo.

Zoezi kwa shule

Shule isiyo na mitambo mikubwa yaweza kufanya uchunguzi wenye maana. Wanafunzi wachague vichaka vitano vya kivumbasi kutoka sehemu mbalimbali, kila kimoja kipewe nambari, na tawi lenye maua likaushwe katikati ya magazeti ili lihifadhiwe. Majani ya kila kichaka yakenekwe peke yake, kwa uzito ule ule na muda ule ule, kila mara chombo kikioshwa vizuri kwa sabuni na alkoholi. Harufu iliyobaki kipozani yatosha kuharibu kazi ya siku nzima. Maji yatokayo huwa na weupe kama tui jepesi. Yaachwe yatulie ndani ya neli nyembamba hadi kesho yake.

Hapo msongamano hutoa dalili ya kwanza. Mafuta ya karafuu, ambayo yafaa yawekwe katika neli ya sita kwa kulinganisha, huzama, kwa kuwa yujenoli ni nzito kuliko maji. Mafuta yenye thimoli na terpini nyingi huelea. Mafuta yaliyochanganyika huweza kugawanyika, matone mengine yakibaki juu na mengine yakishuka polepole, nayo hayo yaandikwe kama yalivyoonekana. Kando ya kila nambari iandikwe siku ya kuchuma, saa, umri wa majani, mahali na jina la mmea katika lugha ya wenyeji wa hapo.